Makazi ya Mdhamini wa Pili

Mimi si mtu wa kungoja. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, na kwenye gari letu la shule nina breki ya pili chini ya mguu wangu, kwa hiyo nimezoea mambo yakienda kombo nayakanyaga hapo hapo. Wanafunzi waliniita Mama Breki mpaka jina likashika, hata mwenye shule huniita hivyo akisahau kwamba nipo. Mume wangu ni kinyume changu. Yeye ni fundi wa lifti, mtu wa kuingia kwenye shimo la jengo na tochi mdomoni akasikiliza waya unavyolia, na hakuna aliyewahi kumharakisha akafanikiwa. Watu wakikwama katikati ya ghorofa wanapiga mayowe, yeye anawaambia kwa sauti ya chini wakae sakafuni watulie, anakuja. Kweli anakuja, lakini kwa mwendo wake.

Ndiyo maana barua ya idara ya uraia ilipofika, niliifungua mimi.

Ilikuwa fupi. Ombi la mume wangu limepokelewa, ila mdhamini wa pili hakukamilisha maelezo yake. Sehemu ya makazi iko tupu: hakuna mtaa, hakuna namba ya nyumba, hakuna muda aliokaa hapo. Kasoro hiyo irekebishwe kabla ya ofisi kufungwa siku ya Ijumaa, la sivyo ombi litafutwa. Nikaisoma tena nikiwa nimesimama jikoni, sufuria ikiungua, na nikaiacha iungue.

Nieleze kwa nini. Mume wangu alivuka mpaka akiwa kijana asiye na ndevu, akaanza kwa kumbebea fundi mmoja vifaa, akaishia kuwa fundi mwenyewe. Miaka yote hiyo ameishi kwa kibali kinachohuishwa kila mwaka. Kunioa mimi raia hakukumsaidia lolote, kwa sababu sheria iliwakumbuka wanawake wanaoolewa, ikawasahau wanaume wanaooa. Halafu mwaka huu ikatangazwa kwamba vibali vya aina yake havihuishwi tena. Mtu aombe uraia au arudi alikotoka. Ombi likiwa mezani, anaruhusiwa kukaa akisubiri majibu. Ombi likifutwa, kibali kinakufa mwisho wa mwezi, na asiye na kibali haruhusiwi kuomba upya. Kwa maneno mengine, nafasi moja iliyoachwa wazi kwenye fomu ingenichukulia mume, ingewachukulia wanangu mapacha baba yao, na kumpeleka mahali ambapo hana hata jirani wa kumwomba chumvi.

Alirudi jioni, akanawa grisi kwa sabuni ya unga kama kawaida yake, kidole baada ya kidole. Nilimwekea barua mezani badala ya chakula. Aliisoma, akaikunja vizuri, akasema angeifikiria.

Nikamuuliza kama aliiona nafasi hiyo wakati anapeleka fomu. Akasema aliiona. Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu mzima, mwenye akili zake, ambaye hawezi kufunga kifuniko cha swichi mpaka ahesabu skrubu zote, alichukua fomu yenye pengo akaitia dirishani kwa mikono yake miwili.

Wadhamini walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwalimu mkuu wa shule ya mapacha, ambaye alijaza kila kitu mpaka pembezoni, na angepewa karatasi ya ziada angeandika hotuba. Wa pili ni Wakili. Ofisi yake iko ghorofa ya sita kwenye jengo moja la zamani ambalo lifti yake iko chini ya uangalizi wa mume wangu. Walijuana siku Wakili alipokwama humo na mteja wake. Tangu hapo wamekuwa wakicheza drafti saa ya chakula cha mchana na kubishana mpaka makarani wa ghorofa ya tano wanalalamika. Wakili ni mtu wa maneno yaliyonyooka na viatu vinavyong'aa. Mtu kama huyo hasahau anakoishi.

"Mama Pacha," mume wangu akaniambia, "mtu mzima akiacha nafasi tupu, ana sababu yake. Nikimuuliza nitakuwa nimemvua nguo."

"Na wewe ukifukuzwa, nani atakuwa amevuliwa nguo?"

Aliinuka akaenda kukagua daftari za mapacha, akakaa nao muda mrefu kwenye hesabu ambazo walishazipata zote. Nilimtazama mgongo nikataka kumrushia sufuria iliyoungua. Nilikuwa na hasira, sitafuni maneno. Na chini ya hasira nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa nazidi kupandisha sauti, kwa hiyo siku hiyo majirani walifaidi.

Kesho yake nilimkabidhi mwanafunzi wangu wa asubuhi kwa mwalimu mwenzangu, nikaenda idara ya uraia. Foleni ilizunguka mabenchi yote ikatokea mlangoni, watu wamekumbatia bahasha zao kama watoto wachanga. Dirishani alikuwepo dada mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso na kalamu sikioni, ambaye hakuwa mkali wala hakuwa mtamu. Alichomoa faili la mume wangu bila kulitafuta sana, na hilo pekee lilinipa moyo kidogo.

Nilimuuliza kama ninaweza kujaza mimi hapo hapo, maana mtaa wa Wakili ninaufahamu. Akasema hapana. Je, Wakili aandike barua? Hapana, fomu ikishapokelewa mdhamini anakuja mwenyewe na kitambulisho chake, anajaza na kutia saini mbele ya ofisa. Basi tubadilishe mdhamini, wapo watu wengi wanaomjua mume wangu. Akashusha miwani ndipo akaniangalia. Kubadilisha mdhamini ni ombi jipya, akasema, na ombi jipya lina masharti yake yote upya.

"Na asiwe ndugu, wala mkwe, wala mtu anayeishi nyumba moja na mwombaji," akaongeza. "Watu wanatuchezea sana hapo."

Nikamwambia mimi sichezi. Akasema anaona.

Alhamisi nikapanda kwa Wakili. Sikumwambia mume wangu, kwa sababu angenikataza kwa ile sauti yake ya chini, na mimi ile sauti ninaitii bila kupenda. Jengo lenyewe lina ngazi za terazo zilizolika katikati, na lifti yenye kioo ambacho mtu anaweza kujitazama akapata nafasi ya kubadili mawazo. Sikubadili.

Wakili alikuwa mezani kwake, suti kamili, tai imekazwa, faili limefunguliwa mbele yake. Akanikaribisha kwa shangwe. Shemeji karibu, shemeji keti, shemeji hujambo, mapacha hawajambo? Huwa ananiita shemeji kwa sababu ya urafiki wao. Nikaketi, nikatoa barua, nikaiweka juu ya faili lake. Aliisoma kwa haraka kuliko mtu anayesoma, akatabasamu, akasema ni jambo dogo, angelishughulikia wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo hatakuwa na la kushughulikia, mwisho ni kesho. Akasema kesho ana kesi. Nikamuuliza mahakama gani. Akajiuma ulimi.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia vizuri. Mimi nimefundishwa na kazi yangu kutazama vioo vyote. Juu ya kabati la faili kulikuwa na pasi, na waya wake ulikuwa bado kwenye soketi. Kwenye kikombe cha kalamu, katikati ya kalamu, ulisimama mswaki. Chumba kilinukia sabuni ya kuogea. Nikainamisha kichwa kidogo nikatazama chini ya meza, nikaona suruali ya suti iliyonyooshwa ikashuka mpaka kwenye kandambili. Nyuma ya kabati, mahali ambapo mteja haangalii, ilionekana ncha ya godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba.

Aliniona nikiona. Akaivua tai polepole kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

Kisha akaniambia. Yeye na mkewe walishindwana. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyefumaniwa, walichokana tu mpaka wakawa wanasalimiana kama wapangaji. Yeye akaondoka na sanduku moja, akisema ni kwa siku chache, na siku hizo zikazaa nyingine. Nyumba ya kupanga hakuitafuta kwa sababu kutafuta nyumba ni kukubali kwamba ndoa imekwisha. Mkataba wa ofisi unakataza mtu kulala humo. Wateja wakijua kwamba wakili wao anafua soksi kwenye sinki la choo cha chini, nani atamletea kesi ya ardhi? Nikaona kwamba hilo la wateja analisema kwa sababu ni rahisi kulisema. Kilichokuwa kikimuuma ni lile la kwanza.

Nikamwambia aandike nyumba yake ya zamani tu, nani atajua.

"Shemeji, chini ya fomu ile kuna kiapo," akasema. "Mimi huwaapisha watu kwa kazi yangu. Siwezi kuapa kwamba naishi mahali nisipoishi. Na nikiandika hapa, wanakuja kuhakiki. Ndiyo maana niliacha wazi. Nilidhani hawataona."

Mawakili wawili watatu wa nchi hii wangecheka kumsikia, nilifikiri, lakini sikucheka. Nikamwambia basi ahamie kwetu leo hii, kuna chumba cha mbele, mapacha watalala na mimi, aandike anwani yetu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga vitanda kichwani. Akanitazama kwa huruma, akanikumbusha kwamba mdhamini haruhusiwi kuishi na mwombaji. Nilikuwa nimelisikia mwenyewe dirishani siku moja tu iliyopita. Hofu inakutia uziwi.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mume wangu anafukuzwa nchini kwa sababu ya godoro. Nikamwambia wanangu wataulizwa shuleni baba yenu yuko wapi, na watajibu amerudishwa kwa sababu rafiki yake aliona aibu. Nilisema kwa sauti ambayo naamini ghorofa ya tano waliisikia, na safari hii hawakulalamika. Wakili hakujitetea. Alikuwa anaikunja tai yake, anaikunjua, anaikunja.

"Fundi amekwambia nini kuhusu mimi?" akauliza mwishowe.

"Hajaniambia chochote. Angeniambia ningekuja juzi."

"Hata neno moja?"

"Hata nusu."

Nikangoja aniahidi, hakuniahidi. Nikachukua barua yangu nikashuka kwa ngazi, maana nisingeweza kusimama ndani ya kile kisanduku nikijitazama.

Usiku huo nilimbana mume wangu. Alikuwa anajua? Alikuwa anajua. Tangu lini? Tangu mwanzo. Alijuaje? Akasema lifti ina kisanduku kinachohesabu safari zake na kuonyesha ilikoitwa na saa ngapi, na fundi anapokuja kuikagua husoma kisanduku hicho kabla ya kugusa kitu. Lifti ya jengo la ofisi inapoitwa ghorofa ya sita alfajiri kila siku, ama kuna jini ama kuna mtu anakwenda kunawa uso. Na yeye haamini majini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, mkewe, mama wa watoto wake.

"Siyo siri yangu," akasema.

"Siri hiyo inakugharimu nchi."

"Najua."

"Unajua, halafu umekaa?"

Akasema kama Wakili ataamua mwenyewe, sawa. Lakini yeye hatakwenda kumgongea mtu mlango na kumwambia nakuona ulivyolala. Nilimgeuzia mgongo kitandani. Nilimwona mjinga, na nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwona usiku ule: mtu mwema mpaka ujinga, anayewapa wengine heshima ambayo mimi na wanangu ndio tutailipia. Sikulala vizuri. Yeye alikoroma kama kawaida, na hilo nalo lilinikera.

Ijumaa alikwenda kazini na begi lake la vifaa kana kwamba ni Ijumaa yoyote. Mimi nilikuwa na somo la mchana na Matroni. Huyu ni muuguzi mstaafu aliyeongoza wodi kubwa maisha yake yote, halafu akaamua kujifunza gari wakati wenzake wanajifunza kupumzika. Anaendesha kama anasukuma kitanda cha mgonjwa aliyetoka kwenye upasuaji. Nilimwambia leo njia yetu inapita jengo fulani, na kama hajali tungesimama kidogo. Alinitazama usoni, akasema kwamba yeye akimwona mtu ana homa huwa hamuulizi maswali mengi, anatafuta dawa. Akaweka gia.

Nilikuwa nimeshapiga moyo konde. Ningepanda, ningeketi mbele ya meza ile, na kama Wakili angeniambia hapana angeniambia mbele ya mapacha, kwa sababu nilipanga kwenda kuwachukua shuleni kama ingebidi. Lakini hatukufika kwenye lifti. Alikuwa amesimama chini, ukingoni mwa barabara, mkoba mkononi, kitambulisho kimechomoza kwenye mfuko wa shati, na viatu vyake vya kung'aa vikiwa miguuni. Alionekana kama mtu aliyesimama hapo muda mrefu bila kujua aelekee wapi. Nikafungua mlango wa nyuma.

"Ingia," nikamwambia. Akaingia.

Safari ile sitaki hata kuikumbuka. Matroni alizima gari kwenye mzunguko, magari yakapiga honi mbele na nyuma, na yeye akateremsha kioo akawaambia madereva watulie, kila mtu atahudumiwa. Wakili alishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Nilikanyaga breki yangu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuikanyaga katika somo moja. Mara ya mwisho nikasema, "Klachi, Matroni, klachi," kwa sauti ya mtu anayeomba dua, na tukaingia uani mwa idara ya uraia wakati mlinzi anavuta geti nusu. Nikatoa kichwa dirishani nikamwambia kuna wakili humu ndani. Sijui aliogopa wakili au aliogopa gari lenye bango la mwanafunzi linalomjia moja kwa moja, lakini aliliachia geti.

Foleni ilikuwa imepungua, watu kama kumi hivi kwenye mabenchi. Dada wa dirishani alikuwa anapanga mihuri yake kwenye droo. Aliponiona akafunga macho kidogo, akayafungua, akachomoa faili. Wakili akaweka kitambulisho chake. Akapapasa mifuko.

"Shemeji, niazime kalamu."

Dada akanyanyua uso. "Shemeji?"

Nikaeleza haraka haraka kwamba ni shemeji wa mdomoni, hatuna undugu wowote, ni urafiki wa kazini tu, mimi nina dada wawili na wote wameolewa na watu wengine kabisa. Mzee mmoja kwenye benchi akasema hata yeye mtaa mzima unamwita mjomba na hajawahi kuwa na dada. Watu wakacheka. Dada hakucheka, ila alisukuma kalamu yake mwenyewe kupitia upenyo wa dirisha.

Wakili akaandika. Niliona mkono wake ukisimama kwenye neno la makazi, halafu ukaandika jina la jengo, ghorofa ya sita, chumba cha ofisi. Muda aliokaa hapo akaandika idadi ya miezi. Akatia saini.

Dada alisoma, akasoma tena. Akasema hapa panatakiwa makazi, si mahali pa kazi.

"Ndiyo makazi," Wakili akasema.

"Unaishi ofisini?"

Kicheko kilikuwa kimeshaisha. Kila mtu pale alikuwa anasikiliza kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya. Mwanamume mmoja nyuma yetu nilimfahamu, ana duka la vifaa vya umeme karibu na jengo lile, na nina hakika Wakili naye alimwona.

"Ninalala ofisini," akasema, na hakushusha sauti. "Mimi na mke wangu tumeachana. Sina nyumba nyingine."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema, nadhani. Alilisema kwa watu asiowajua, akiwa ameshika kalamu ya kuazima. Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka habari ya undugu, nikabaki na mikono yangu.

Dada akasema kwa taratibu zake makazi yasiyo ya kawaida lazima yathibitishwe na mwenye jengo, tena sasa hivi, maana ofisi inafungwa. Wakili akamtajia namba ya simu ya meneja wa jengo bila kusita. Yeye ndiye aliyemtajia, si mimi. Dada akapiga, akajieleza, akauliza, akasikiliza, akasema ndiyo, akasema anaelewa. Halafu akapitisha mkono wa simu kwenye upenyo, akasema meneja anataka kuongea na Wakili.

Wakili aliweka simu sikioni. Sisi tulisikia upande wake tu. Ni kweli, akasema. Ni kweli, hata hilo. Nitoke mwisho wa mwezi, sawa. Hapana, sina la kujitetea, asante kwa kuthibitisha. Akairudisha simu kwa adabu kama mtu anayerudisha kikombe alichonywea.

Nilifikiri tumemaliza. Dada alikuwa ameshanyanyua muhuri, akautua tena. Akageuza ukurasa. Pale penye swali la kwa nini mdhamini anaamini mwombaji ana tabia njema, Wakili alikuwa ameandika maneno mawili tu, namfahamu vizuri. Dada akasema maelezo hayo ni haba, na kwa kuwa mwenyewe yuko hapa, aongeze. Wakili akachukua kalamu, lakini hakuandika kwanza.

"Usiku wa kwanza nilipolala pale," akasema, "nilishuka alfajiri kwenda kuoga. Mlango wa lifti ukalia jengo zima. Ngazi hufungwa usiku, kwa hiyo siku zilizofuata niliiita hivyo hivyo kila alfajiri, nikiogopa mlinzi atanisikia. Baada ya siku chache fundi akaja kufanya ukaguzi wake. Alikaa pale ghorofa ya sita muda mrefu, peke yake. Hakuniuliza kitu, tukacheza drafti, akanifunga. Alfajiri iliyofuata niliita lifti, na mlango ulifunguka bila sauti. Alikuwa ameupaka mafuta, na ghorofa ya chini pia. Hizo mbili tu. Nyingine zote bado zinalia mpaka leo."

Akanielekeza kwa kidevu. "Na mkewe huyu hapa. Muulize kama alijua."

Dada akanitazama. Nikatikisa kichwa, kwa sababu sauti haikutoka. Mimi ambaye majirani wananijua kwa sauti. Nilikuwa nimekaa usiku mzima nikimwita mjinga moyoni, mtu niliyelala naye kitanda kimoja, kwa sababu ya ukimya ule ule uliokuwa sasa umemtoa rafiki yake ghorofa ya sita mpaka dirishani.

"Andika hivyo hivyo," dada akasema. "Fupisha tu, mistari ni minne."

Akaandika. Dada akasoma, akapiga muhuri mara mbili, akakata kipande cha chini cha fomu akanipa. Kiliandikwa kwamba ombi limekamilika na mwombaji anaruhusiwa kuishi nchini mpaka uamuzi utakapotoka.

Nje, Matroni alikuwa amelala kwenye usukani. Wakili alisimama pembeni ya gari akitazama barabara, na nikamwambia ajiandae, Jumamosi na Jumapili ninamtembeza kutafuta chumba, na vitu vyake nitavihamisha mwenyewe kwa gari la shule. Akasema hana vitu. Nikamwambia ana godoro. Akacheka, kisha akajifuta uso kwa ile tai iliyokuwa mfukoni.

Ndipo nikampigia mume wangu. Alikuwa ndani ya shimo la jengo fulani, sauti yake inarudi kutoka kwenye kuta.

"Imepokelewa," nikamwambia.

Akauliza, "Na Wakili? Wamemwaibisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikamwambia hapana, hakuaibishwa na mtu, amesema mwenyewe mbele ya wote, kwa ajili yake. Nikamsikia akivuta kamasi huko shimoni, tochi ikigonga chuma. Nikamwambia aache hiyo lifti, watu wapande ngazi leo, aje nyumbani. Mpaka uamuzi utoke, hakuna wa kumwambia aondoke.